Kuni za kambini Marekani: zipi usibebe, wapi ununue, na uandae dola ngapi

Kama wikiendi hii unakwenda kulala hemani katika hifadhi yoyote ya Marekani, yale magogo uliyorundika nyuma ya nyumba yaache pale pale. Najua inauma. Mti uliangushwa na upepo, ukamlipa mtu akuchanjie, kuni zimekauka vizuri, halafu unaambiwa ukanunue tita la vipande sita kwa dola 8. Kwa sisi tuliokua tunaokota kuni bure, kununua kuni huku umezungukwa na msitu ni kichekesho. Lakini ndivyo sheria ilivyo katika majimbo mengi, na ukishaielewa sababu yake hutahitaji kukariri kanuni moja moja.

Sababu yenyewe ni wadudu. Mwaka 2002, karibu na jiji la Detroit huko Michigan, aligunduliwa mbawakawa mdogo wa kijani king'avu mwenye asili ya Asia. Wamarekani humwita emerald ash borer, kwa kifupi EAB. Mbawakawa akishakomaa hana madhara makubwa, anakula majani kidogo tu. Wanaoua ni mabuu wake, ambao huishi chini ya gome la mti uitwao ash na kuchimba vijia vya kupindapinda mpaka maji na chakula cha mti vinashindwa kupita. Mti mkubwa unakufa ndani ya miaka michache, na miti iliyokwisha kufa inahesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Huyu mdudu akiruka mwenyewe husogea maili chache tu kwa mwaka. Ukimpakia kwenye buti ya gari pamoja na kuni zako, anafika maili 500 kwa siku moja, analala kambini nawe, na majira ya joto anatoka kwenye gogo ulilolisahau.

Wala hayuko peke yake. Brooklyn mwaka 1996 alionekana mbawakawa mwingine wa Asia mwenye papasi ndefu, huyu akipenda zaidi miti ya maple. Georgia mwaka 2002 akaonekana kidudu kinachobeba kuvu anayenyausha miti ya jamii ya parachichi, na kuvu huyo baadaye akafika mpaka kwenye mashamba ya maparachichi kusini mwa Florida. Pennsylvania mwaka 2014 ikapata wa kwake, spotted lanternfly, anayetaga mayai juu ya kitu chochote: gome, jiwe, hata bodi ya gari. Ndiyo maana hoja ya "lakini kuni zangu ni kavu" haimshawishi askari wa hifadhi. Mabuu wanaweza kukaa ndani ya gogo mwaka mmoja mpaka miwili, na mayai huyaoni mpaka uwe unajua unachotafuta.

Hatua ya kwanza: jua ardhi ni ya nani

Kabla ya kuuliza bei, angalia jina la mahali ulipoweka nafasi. Hifadhi ya taifa, msitu wa taifa, hifadhi ya jimbo, bustani ya kaunti na kambi ya mtu binafsi kila moja ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana kanuni zake. Juu ya hizo kuna sheria ya jimbo, ambayo inakuhusu hata kama umelala kwenye shamba la rafiki yako.

Tofauti ni kubwa kuliko unavyodhani. New York inakataza kusafirisha kuni ambazo hazijapashwa joto la kuua wadudu kwa umbali wa zaidi ya maili 50, yaani kama kilomita 80, kutoka zilikokatwa, na zikitoka jimbo jingine bila kupashwa joto haziingii kabisa. Ukikata zako mwenyewe ndani ya hizo maili 50, unatakiwa uwe na karatasi inayoonyesha zilikotoka. Ukienda hifadhi za jimbo za Wisconsin, mduara unabana zaidi: maili 10 tu kutoka hifadhi yenyewe, vinginevyo ziwe na cheti. Minnesota, ambako miti ya ash inakadiriwa kufika bilioni moja, hifadhi za jimbo zinataka kuni zilizoidhinishwa, kwa hiyo nunua pale pale au kwa muuzaji aliyeidhinishwa na utunze risiti. Maine, New Hampshire na Vermont nazo zinakataa kuni za nje ya jimbo zisizopashwa joto. Na ile hifadhi ya taifa inayotembelewa kuliko zote, Great Smoky Mountains, yenye wageni zaidi ya milioni 12 kwa mwaka, tangu mwaka 2015 hairuhusu kuni yoyote kutoka nje isipokuwa zilizopashwa joto na zenye muhuri.

Hapa kuna mtego mmoja uliowanasa wengi. Januari 2021 serikali kuu iliondoa karantini yake ya EAB, na habari zikaenea kwamba kuni sasa ruksa. Si kweli. Kilichoondoka ni karantini ya serikali kuu kwa mdudu mmoja. Sheria za majimbo na za hifadhi zimebaki, na karantini za wadudu wengine zimebaki. Mtu akikuambia "hiyo walishafuta", mwulize alifuta nani.

Kama unavuka kwenda Kanada, usijisumbue: bila kibali kuni hazivuki mpaka. Na ukiingia California kwa barabara, kwenye vituo vya ukaguzi wa mazao huwa wanauliza kuhusu kuni pia.

Hatua ya pili: piga simu kambini

Tovuti za hifadhi nyingi zina ukurasa wa kuni, lakini simu ya dakika tano inakupa kisichoandikwa. Uliza hivi: mnauza kuni hapo, na tita ni shilingi ngapi (dola, lakini mazoea ni mazoea)? Duka la kuni linafungwa saa ngapi? Nikinunua nje ya geti, mnakubali zipi? Je, kwa sasa kuna katazo la moto?

Swali la saa ya kufunga linapuuzwa sana. Ijumaa watu wanatoka kazini saa kumi na moja jioni, wanafika kambini saa mbili usiku, ofisi imefungwa, na muuzaji wa karibu yuko maili 20 nyuma. Baadhi ya hifadhi zina mashine au banda la kujihudumia, nyingine hazina. Ukijua mapema, unanunua njiani.

Katazo la moto nalo si la kubahatisha. Majimbo ya magharibi, kuanzia Juni mpaka mvua zirudi, moto wa kuni unaweza kupigwa marufuku kwa wiki nyingi mfululizo, na tangazo linaweza kutoka asubuhi ya siku unayosafiri. Wakati huo jiko la gesi lenye kizimio kwa kawaida linaruhusiwa, mkaa mara nyingi hauruhusiwi. California, ukitaka kuwasha moto kwenye ardhi ya serikali kuu nje ya kambi rasmi, unahitaji kibali cha moto. Ni bure, unakipata mtandaoni.

Hatua ya tatu: piga hesabu kabla ya kutoa pochi

Tita la kawaida linalouzwa limefungwa kwa nailoni, lina ujazo wa robo tatu ya futi za ujazo, karibu lita 21, na ndani unakuta vipande vitano mpaka saba. Bei inacheza kati ya dola 6 na 10, maeneo ya watalii zaidi ya hapo. Kuni kavu kiasi hicho zinawaka kama saa moja na nusu ukiwa huna haraka ya kuzitupia. Kwa hiyo jioni ya kukaa na kupiga soga kuanzia magharibi mpaka watoto walale inakula matita mawili mpaka matatu.

Sasa tazama kinachotokea kwenye mfuko. Wamarekani hupima kuni za majumbani kwa kipimo kiitwacho cord: rundo la futi 4 kwa 4 kwa 8, yaani futi za ujazo 128. Ndani ya rundo hilo yanatoka matita 170. Kwa dola 8 kila moja, umenunua cord kwa zaidi ya dola 1,350, wakati mtu wa kijijini anaiuza na kukuletea nyumbani kwa dola 200 mpaka 400 hivi. Unalipia nailoni, usafiri, tanuri la kukaushia na eneo. Si wizi, ila ukishajua hivyo unaacha kuzichoma ovyo.

Familia ya watu wanne kwa usiku mbili itatumia kati ya dola 35 na 50 za kuni, ambazo mara nyingi zinazidi bei ya kiwanja cha hema kwa usiku mmoja. Njia ya kuishusha ni kutenganisha kupika na kuota moto. Nyama choma ipikwe kwa mkaa. Mkaa hauna mdudu, unaweza kuubeba kutoka jimbo lolote, na tafuta ule wa vipande vya mti halisi badala ya vile vidonge vya kiwandani. Ladha ni ya nyumbani. Chai ya asubuhi na ugali, jiko la gesi. Kwa mpango huo kuni zinabaki kazi moja tu ya jioni, na matita manne yanatosha wikiendi nzima. Kupika maharage kwa tita la dola 8 ni anasa ambayo hata matajiri wangeikataa.

Hatua ya nne: nunua, na usome lebo

Sehemu za kununua ni tatu. Kambini penyewe ndiko salama kuliko kote kisheria, hata kama ni ghali kidogo. Supamaketi na vituo vya mafuta ni sawa pia, ilimradi lebo iseme inachotakiwa kusema. Na kuna vibanda vya kando ya barabara, nje kidogo ya geti: meza ya mbao, kuni zimepangwa chini ya turubai, kibao kimeandikwa bei kwa rangi ya kupulizia, na kisanduku cha chuma chenye tundu la kupitishia noti. Mwenyewe humwoni. Hizo huwa rahisi kuliko zote, dola 5 kwa mkumbo mkubwa, na kwa vile mti umekatwa hapo hapo kijijini, kwa hifadhi yenye kanuni ya umbali zinafaa kabisa. Binafsi ndizo ninazozipenda. Lakini kwa hifadhi inayotaka muhuri, kama Great Smoky Mountains, hazifai hata kama zimekatwa hatua mia moja kutoka getini.

Kuhusu lebo, hapa fungua macho. Unalotafuta ni maneno "Heat Treated" au "Certified", pamoja na nembo ya wizara ya kilimo ya Marekani, USDA, au ya jimbo, jina la kampuni iliyozitengeneza, na zilikotoka. Kuni zilizothibitishwa zimepashwa joto mpaka katikati ya gogo: kiwango kimoja ni nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 60, na New York inadai nyuzi 71 kwa dakika 75. Lebo ikiandika "Kiln Dried" peke yake bila muhuri, hiyo inakuambia zimekaushwa kwenye tanuri, haikuambii kwamba joto lilifika ndani kwa muda unaotakiwa wala kwamba kuna mkaguzi aliyehakikisha. "Seasoned" ni kuni zilizoanikwa tu. Kufungwa kwenye nailoni nzuri nako si cheti cha chochote.

Usiibandue hiyo lebo ukifika. Weka risiti na nailoni yenye lebo ndani ya gari mpaka siku ya kuondoka. Askari wa hifadhi akipita na kuuliza, unamwonyesha, mnatakiana usiku mwema. Bila ushahidi anaweza kuzichukua, na faini inafuata kulingana na jimbo.

Jambo jingine ni ukavu. Tita lililokaa nje ya kituo cha mafuta linanyeshewa mwezi mzima, na ile nailoni inafungia maji ndani. Toa vipande viwili, vigonganishe. Kikavu kinalia, "ko!", kibichi kinatoa sauti nzito iliyokufa. Tazama na ncha: kuni kavu ina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni. Ukinyanyua tita na likakulemea kuliko ukubwa wake, lirudishe. Hakuna kitu kinachoharibu jioni kama kulipa dola 9 ili uvute moshi.

Hesabu na vijiti vya kuwashia. Watu wanaacha magogo nyumbani kwa utii kamili, halafu wanabeba mfuko wa vijiti kutoka uani. Sheria haitofautishi; kijiti chenye gome ni kuni. Beba kishoka kidogo, kipande kimoja cha tita ukipasue vibanzi vyembamba. Cha kuanzishia, chukua boksi la mayai la karatasi, jaza nyuzi zinazonaswa kwenye kichujio cha mashine ya kukaushia nguo, mwagia nta ya mshumaa. Kinashika hata kwenye manyunyu.

Mabaki ya mbao za ujenzi ambazo hazijapakwa kitu na hazina misumari zinakubaliwa sehemu nyingi, lakini uliza kwanza. Mbao za rangi ya kijani zilizotiwa dawa usiziguse. Zile za zamani, za kabla ya mwaka 2004, zilikuwa zinatiwa dawa yenye aseniki, na moshi wake ni sumu. Paleti za mizigo zenye alama MB nazo zimefukizwa kwa kemikali, ziache.

Hatua ya tano: kuokota, pale inaporuhusiwa

Kuokota bado kupo, ila si kila mahali. Katika misitu ya taifa kwa kawaida unaruhusiwa kuokota kuni zilizokufa na kuanguka zenyewe kwa ajili ya moto wako wa pale pale kambini, na ukitaka za kubeba kwenda nyumbani unatafuta kibali. Great Smoky Mountains wanaokataa kuni zako wanakuruhusu kuokota zao zilizoanguka. Hifadhi za jimbo za Minnesota haziruhusu kuokota. Joshua Tree, kule jangwani California, hata kijiti kilichokauka ni mali ya jangwa.

Panaporuhusiwa, okota kilicholala chini, kisichozidi unene wa kifundo cha mkono, kinachovunjika kwa mikono bila shoka. Mti mkavu uliosimama usiuguse, una ndege wake. Na tembea mbali kidogo na kambi. Karibu na hema wageni wengine wameshafagia kila kitu.

Kama umeshazibeba

Inatokea kwamba mtu anasoma haya akiwa tayari yupo kambini na kuni za nyumbani ziko kwenye buti. Usizitupe msituni na usizirudishe nyumbani, yote mawili yanamsafirisha mdudu. Mwambie askari wa hifadhi, mara nyingi anakuelekeza pa kuzipeleka au anakuambia uzichome usiku huo huo. Zichome zote, na zile takataka za magome zilizobaki kwenye zulia la gari zizoe uzitie motoni.

Kanuni hiyo inahusu na kuni halali zilizobaki Jumapili asubuhi, isipokuwa zile zenye muhuri wa kupashwa joto, ambazo unaweza kusafiri nazo. Za kibanda cha kando ya barabara mwachie jirani wa kambi. Hakuna anayekataa kuni za bure. Kisha uzime moto wako kwa maji, si kwa mchanga, maana mchanga unafukia makaa yakabaki hai chini. Mwaga maji, koroga kwa kijiti, mwaga tena mpaka mlio wa "shwaa" uishe, halafu sogeza mgongo wa kiganja juu ya majivu. Kama bado yanakuunguza, hujamaliza. Ongeza ndoo nyingine.